Fundi, Usifute Kwanza

*Kompyuta nyingi za mtumba zinazofika Hale zina leseni halali iliyolipiwa tangu kiwandani. Zinapigwa windo upya, yaani kusimikiwa Windows, bila mtu kuitafuta leseni hiyo, na mwenye mashine anabaki na nakala ya wizi ya kitu ambacho tayari ni mali yake.*

HALE, Korogwe. Umeme umekatika, ukarudi, ukakatika tena kabla watu hawajamaliza kushukuru. Katika steshenari moja kando ya barabara kuu ya Segera–Tanga, laptopu ambayo betri yake ilikufa zamani imezimika katikati ya barua ya maombi ya kazi. Ikiwashwa, inafika kwenye nembo ya kampuni iliyoiunda, vitone vinazunguka, kioo kinakuwa bluu, kisha inaanza upya. Imefanya hivyo mara kadhaa, na mteja anayesubiri barua yake ameshaanza kuangalia saa.

Mwenye duka anajua pa kuipeleka. Fundi anachomeka flashi, anachagua lugha, anafuta sehemu zote za diski na kuanza kupiga windo. Baada ya muda mashine inawaka ikiwa safi, ila kwenye kona ya chini kulia kuna maandishi ya kijivu yanayomtaka mwenye kompyuta athibitishe Windows yake.

Hilo nalo lina dawa kwenye flashi ileile. Kinga ya virusi inazimwa kwanza, programu ndogo inabofywa, maandishi yanatoweka. Fundi analipwa, laptopu inarudi kazini.

Kazi imefanyika haraka na mteja ameridhika. Lakini hakuna aliyeigeuza laptopu ile kuangalia chini yake, wala aliyeiuliza kama ilikuwa na leseni. Nayo ilikuwa nayo. Iliandikwa kiwandani ndani ya chipu ya mazabodi, ikalipiwa na mnunuzi wa kwanza, ikavuka bahari pamoja na mashine. Bado imo humo, na sasa haitumiki.

Mji wa umeme unaokatika

Hale inajulikana nchini kwa mambo mawili: mkonge na umeme. Kituo chake cha kufua umeme wa maji ya Mto Pangani, chenye uwezo wa megawati 21, kilianza kazi mwaka 1964, na mitambo yake imejengwa chini ya ardhi. Mashamba ya mkonge yamezunguka mji.

Kompyuta zimeingia katika maisha ya hapa kwa njia ya kazi za kila siku. Shule zinasajili wanafunzi kwenye mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani. Vyama vya msingi vya ushirika vinatakiwa kutumia MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kijana aliyemaliza kidato cha sita anaomba mkopo wa elimu ya juu mtandaoni, na anayetafuta ajira serikalini anapita Ajira Portal. Asiye na kompyuta anakwenda steshenari.

Mashine zinazobeba kazi hizo nyingi ni mtumba. Ni EliteBook, Latitude na ThinkPad zilizotumika miaka mitatu au minne katika ofisi za Ulaya, Marekani au Ghuba, zikauzwa kwa jumla, zikapita Dubai au kuja moja kwa moja, zikafika Kariakoo, na kutoka Kariakoo zikapanda basi la Tanga. Ni mashine imara kuliko nyingi mpya za bei sawa. Ila zikifika hapa zina miaka yake, betri zimechoka, na umeme ukiyumba, diski ndiyo huwa ya kwanza kulalamika.

Ndiyo maana kupiga windo ni kazi ya kawaida kabisa kwa fundi wa mji mdogo. Na kila inapofanywa bila kutafuta leseni kwanza, mali ya mtu inatupwa.

Mtanzania hanunui pikipiki bila kuuliza kadi. Kompyuta ananunua bila kuuliza karatasi wala namba yoyote, na muuzaji naye hana habari kwamba anauza vitu viwili kwa pamoja: chuma na haki ya kutumia programu iliyomo.

Stika, chipu, na kumbukumbu ya mbali

Kwa miaka mingi leseni ya Windows ilikuwa kitu cha kushikika. Mashine za Windows XP, Vista na Windows 7 zilitoka kiwandani na stika ndogo, ubavuni kwa kompyuta za mezani, chini kwa laptopu, na mara nyingine ndani ya kitako cha betri. Juu yake kulikuwa na herufi na tarakimu 25, zilizogawanywa mafungu matano ya tano tano.

Namba hizo zilipangwa kwa kumfikiria anayezisoma. Hazina sifuri wala O, hazina moja wala I, hazina 5 wala S. Kwa hiyo ukidhani umeona O, angalia tena, huenda ni Q au D. Kinachotesa ni B na 8, G na 6, kwa kuwa zote zimo. Kwenye stika iliyosuguliwa na mapaja na viganja kwa miaka, hizo ndizo humfanya mtu ajaribu mara tano kabla namba haijakubali. Mwenye mashine ya zamani ambayo stika yake bado inasomeka, aipige picha leo kwa simu.

Kuanzia Windows 8, iliyotoka Oktoba 2012, mambo yalibadilika. Watengenezaji waliacha kuchapa namba kwenye stika, wakaanza kuiandika ndani ya chipu ya mazabodi, ileile inayoiamsha kompyuta kabla diski haijasomwa. Stika ikabaki nembo tu, bila namba. Hapo ndipo wengi walipopotea njia: waliozoea kutafuta stika waliikosa, wakahitimisha kwamba mashine haina leseni.

> Ukifuta diski, ukiing'oa, ukaweka SSD mpya, leseni iliyo kwenye chipu haiguswi.

Hii ina maana kubwa kwa mtumba. Kampuni ya Ulaya inapouza kompyuta zake kuukuu, hufuta diski ili siri zake zisitoke. Mashine inafika Kariakoo ikiwa tupu. Mnunuzi anaona tupu, kumbe ufunguo umebaki kwenye mazabodi ukisubiri kusomwa.

Windows 10, iliyotoka Julai 2015, ikaongeza njia ya tatu. Leseni inaweza kukaa kwenye seva za Microsoft, ambazo zinaikumbuka mazabodi yenyewe. Mashine iliyowahi kuthibitishwa kihalali inatambuliwa tena ikiunganishwa na intaneti baada ya kupigwa windo upya, bila kuandika namba yoyote. Mwenye mashine akiwa ameiunganisha leseni hiyo na akaunti yake ya Microsoft, ana nafasi nzuri zaidi ya kuirudisha hata baada ya kubadilisha vifaa.

Toleo lisilolingana

Sasa, kama leseni iko kwenye chipu na inasomwa yenyewe, kwa nini maandishi ya kijivu yalitokea kwenye laptopu ya steshenari?

Jibu liko kwenye flashi. Mafundi wengi hubeba toleo moja tu, Pro, kwa sababu ndilo lenye kila kitu na ndilo linalosifiwa. Laptopu iliyouzwa kwa matumizi ya nyumbani huwa na leseni ya Home. Leseni ya Home haifungui Pro hata kidogo. Ufunguo ni halali, mlango ni mwingine.

Kuna pia toleo linaloitwa Home Single Language, ambalo hupatikana sana kwenye laptopu zilizouzwa mpya katika masoko ya Afrika na Asia. Ufunguo wake haufungui hata Home ya kawaida. Fundi anaona Home na Home, anajaribu, inakataa, anaamini kwamba leseni imekufa.

Flashi iliyotengenezwa kwa faili rasmi la Microsoft kwa kawaida huisoma chipu na kuchagua toleo sahihi bila hata kuuliza. Flashi zilizopikwa mitaani, ambazo mtu asiyejulikana amezichezea na kuzipunguza, mara nyingi haziulizi chochote: zinaweka toleo moja, na kuthibitisha kunafanywa kwa kraki, yaani programu ya kuthibitisha kwa wizi. Faili rasmi linapatikana bure, na flashi ya GB 8 inatosha. Windows kuipakua ni bure. Kinacholipiwa ni leseni, na leseni unayo tayari.

Kinacholipiwa kingine ni bando, na hilo si dogo. Faili lenyewe ni gigabaiti kadhaa. Kwa fundi anayeishi kwa vifurushi vya siku, kupakua kitu kikubwa hivyo ni kutoa mtaji mfukoni, wakati nakala ya mwenzake ipo na haimgharimu kitu.

Upande wa fundi

Ni rahisi kumlaumu fundi, na wanaoandika kuhusu hakimiliki hufanya hivyo mara nyingi. Mimi nasema tuanze na mahali anapokaa.

Nchini Marekani, Windows 11 Home inauzwa dola 139 na Pro dola 199. Kwa viwango vya ubadilishaji vya miaka ya karibuni, hiyo ya bei ndogo ni zaidi ya shilingi laki tatu. Amri ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 2022 iliweka shilingi 140,000 kwa mwezi katika sekta ya kilimo. Kwa kima hicho, mfanyakazi wa shamba la mkonge anayetaka kompyuta kwa ajili ya mwanawe angetoa mshahara wa zaidi ya miezi miwili kwa leseni peke yake, na laptopu yenyewe ya mtumba huenda isifike mbali na bei hiyo.

Hakuna fundi wa Hale anayeweza kumwambia mteja huyo anunue leseni mpya na akabaki na mteja. Atakwenda kwa jirani. Kwa hiyo fundi anafanya lile soko linamtaka afanye, na anafanya haraka kwa sababu mteja amesimama mlangoni.

Lakini hoja hiyo inahusu mashine isiyo na leseni. Kwa mashine yenye leseni, kraki haimwokolei mteja hata senti. Anapata kwa hatari kitu ambacho angekipata kwa amani kwa bei ileile ya ufundi. Hapa umaskini si sababu. Kinachokosekana ni dakika chache za kutazama kabla ya kufuta, na mtu wa kumwonyesha fundi jinsi ya kutazama. Mafundi wengi wamejifunza kwa kukaa kando ya fundi mwingine, na naye hakuonyeshwa. Vyuo vya VETA vinafundisha kompyuta. Jambo hili lingeingia katika somo moja la asubuhi.

> Kwa mashine yenye leseni, kraki haimwokolei mteja hata senti.

Upande wa sheria

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na muziki, na msimamizi wake kwa Tanzania Bara ni COSOTA. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 24, inagusa ukiukaji wa haki za ubunifu unaofanywa kwa mifumo ya kompyuta, na inamtenga anayefanya kwa biashara na asiyefanya kwa biashara. Wa kwanza adhabu yake ni nzito zaidi.

Fundi anayelipwa kuweka kraki anasimama upande wa biashara. Wengi hawajui hilo. Mwenye steshenari naye, ambaye mashine yake inaingiza fedha kila siku, hawezi kusema kwamba ni matumizi ya nyumbani.

Kwa upande wa Microsoft, leseni iliyokuja na mashine imefungwa na mashine hiyo. Haihamishwi kwenda kompyuta nyingine kama ile iliyonunuliwa dukani peke yake. Mashine ikiuzwa, leseni inakwenda nayo. Sharti hilo hulalamikiwa sana duniani, na lina ubaya wake, lakini kwa mnunuzi wa mtumba wa Korogwe au Handeni linamfaa: aliyeuza kule Ulaya hakuweza kubaki na leseni mkononi.

Kuna wanaouza namba mtandaoni kwa dola chache, na baadhi ya watu hapa wamezinunua wakidhani wamejisafisha. Nyingi za namba hizo ni za mikataba ya makampuni au vyuo, zimemegwa na kuuzwa rejareja bila idhini. Siku kampuni inapozuia mkataba huo, namba inakufa, na muuzaji hapatikani.

Kinachoibwa ni zaidi ya programu

Programu nyingi za kuthibitisha kwa wizi zinaiga mfumo uitwao KMS, ambao makampuni makubwa hutumia kuthibitisha kompyuta zao zote kupitia seva moja ya ndani. Uthibitisho wa aina hiyo unadumu siku 180 na kujihuisha wenyewe. Kraki inaifanya kompyuta yako iamini kwamba seva ya kampuni iko ndani yake.

Ili kuisimika, unatakiwa kuzima kinga ya virusi na kuiruhusu programu isiyojulikana ilikotoka ifanye kazi kwa mamlaka yote ya mashine. Wahalifu walishaligundua pengo hilo. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi nakala bandia za KMSpico, mojawapo ya kraki maarufu kabisa, zilivyokuwa zikibeba CryptBot, programu inayoiba nywila zilizohifadhiwa kwenye vivinjari pamoja na pochi za sarafu za kidijitali.

Fikiria hilo kwenye kompyuta ya steshenari. Kwenye kivinjari chake zimepita nywila za waombaji wa mikopo, namba za NIDA, vyeti vilivyoskaniwa, akaunti za barua pepe za watu ambao hawajui hata kutoka humo baada ya kumaliza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Huwezi kuzilinda kwenye mashine ambayo kinga yake ilizimwa kwa makusudi siku ya kwanza.

Kisha kuna masasisho. Mafundi wengi huyazima baada ya kuweka kraki, ili yasije yakaing'oa, na ili yasile bando. Mei 12, 2017, virusi vya WannaCry vilianza kufunga mafaili ya watu na kudai fidia, vikagusa zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150. Kiraka cha kuziba tundu vililopitia kilikuwa kimetolewa na Microsoft tangu Machi mwaka huohuo. Walioumia ni wale ambao hawakuwa wamekipokea.

Namna ya kuitafuta

Kama Windows bado inafunguka, kazi ni ndogo. Fungua dirisha jeusi la amri na uandike *slmgr /dli*. Kisanduku kidogo kitatokea, na ndani yake kuna jina la toleo, njia ambayo leseni ilitolewa, na herufi tano za mwisho za ufunguo unaotumika.

Soma njia hiyo kwa makini. Ukiona *OEM_DM*, leseni ya kiwandani iko kwenye chipu na inatumika. Huna haja ya kuandika chochote zaidi ya jina la toleo. Ukiona *RETAIL*, huenda ni ufunguo ulionunuliwa dukani au leseni inayokumbukwa na seva. Ukiona *VOLUME_KMSCLIENT* kwenye kompyuta ya nyumbani au ya duka, ambayo haiko chini ya kampuni yoyote, karibu hakika hiyo ni kraki. Amri ya pili, *slmgr /xpr*, itakwambia kama uthibitisho ni wa kudumu au una tarehe ya kuisha.

Hata kwenye mashine iliyowekewa kraki, namba ya kiwandani inaweza kuwa imelala kwenye chipu. Kuisoma, fungua PowerShell na uandike mstari huu:

*(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey*

Ikijibu kwa namba ya mafungu matano, hiyo ndiyo mali yako. Ikinyamaza, chipu haina namba, na utatafuta stika au akaunti.

Kuna mtego hapa unaowakamata hata mafundi wazoefu. Zipo programu ndogo za bure zinazoonyesha ufunguo wa Windows iliyomo, na watu huandika wanachokiona wakafurahi. Ufunguo ukiishia na 3V66T kwa Pro au 8HVX7 kwa Home, usijisumbue kuutunza. Ni namba ya jumla ambayo Microsoft huiweka kwenye mamilioni ya mashine ambazo leseni zake ziko kwenye seva. Peke yake haithibitishi chochote. Mashine za Windows 7 nazo zina jambo kama hilo: namba iliyomo ndani ni ya kiwanda kizima, na iliyo yako ni ile ya kwenye stika.

Mashine isiyofungua Windows haijafunga mlango. Washa kwa flashi ya Linux, mfumo endeshi wa bure, bila kusimika chochote, fungua dirisha la amri, na uandike *sudo strings /sys/firmware/acpi/tables/MSDM*. Namba itatokea mwishoni mwa majibu. Fundi mwenye flashi ya namna hiyo anaweza pia kuokoa mafaili ya mteja kabla ya kufuta, jambo ambalo mteja atamkumbukia kuliko windo lenyewe.

Kwa laptopu za karibuni kuna ufunguo mwingine wa kuulizia, wa tarakimu 48, usiohusiana na leseni. Huo hufungua diski iliyofungwa kwa BitLocker, na kwa kawaida hukaa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Diski ikitolewa na kuchomekwa kwingine bila huo, mafaili hayasomeki. Fundi amuulize mteja kabla hajashika bisibisi.

> Mashine isiyofungua Windows haijafunga mlango: flashi ya Linux inaweza kuisoma chipu.

Mazabodi ikiungua

Umeme unaorudi kwa nguvu hauishii kwenye diski. Mazabodi ikiungua, leseni ya kiwandani inaungua nayo. Fundi atatafuta nyingine kutoka kwenye laptopu iliyokufa kioo, ya aina ileile, na mazabodi hiyo itakuja na namba yake iliyoandikwa kwenye chipu yake. Pengine ni Home badala ya Pro. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuisoma chipu upya kila baada ya kubadilisha, badala ya kutegemea karatasi ya zamani. Na ndiyo sababu kifaa cha kutuliza umeme, hata kile cha bei nafuu, ni sehemu ya bajeti ya leseni.

Njia ambayo haihitaji leseni ya kununua

Ipo mashine ambayo kweli haina chochote: stika imefutika, chipu ni tupu, akaunti hakuna. Kwa mashine hiyo jibu langu ni Linux, na nasema hivyo nikijua pingamizi zake.

Nchi hii ina historia nayo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, chini ya mradi wa Kilinux. Mwaka huohuo Microsoft ilitangaza mpango wa kuleta Kiswahili kwenye bidhaa zake, na mwaka huohuo Ubuntu ilitoka kwa mara ya kwanza. Miaka ishirini baadaye, Ubuntu na Linux Mint zinafanya vizuri kwenye laptopu kuukuu, na LibreOffice inafungua barua nyingi za Word bila shida.

Wanaopinga wana hoja. Majedwali ya Excel yenye maelekezo changamano huvurugika, printa nyingine hugoma, na fundi anayeijua Linux katika mji mdogo ni adimu. Mwenye steshenari anayepokea faili za kila mteja hawezi kumudu faili linalofunguka limepinda. Kwake yeye, kutafuta leseni ya Windows ni bora.

Ila kwa shule au ofisi ya chama cha msingi, kazi kubwa sasa iko kwenye kivinjari. PReM, MUVU, Ajira Portal, zote hufunguka kwenye Firefox bila kuuliza mashine inatumia nini. Chumba cha kompyuta cha sekondari chenye Linux safi ni salama zaidi kuliko chenye Windows kumi za kraki.

Saa inayokwenda

Oktoba 14, 2025, Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za karibuni, na laptopu nyingi za mtumba zilizoko madukani hazifiki hapo. Kwa watumiaji wa kawaida kumewekwa nyongeza ya mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026, kwa kulipa dola 30 au kwa kuhifadhi mipangilio kwenye akaunti ya Microsoft bila malipo. Nyongeza hiyo imetolewa kwa mashine zenye Windows 10 halali. Aliyeiacha leseni yake na kuweka kraki amejitoa mwenyewe kwenye orodha, na namna ya kurudi ni ile ile: kusoma chipu, kuweka toleo linalolingana, kuunganisha intaneti.

Kwa shule na ofisi, kazi ya kuanzia iko kwenye leja. Kompyuta zinapopokelewa, ziwe za Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote au za mfadhili, kwenye leja ya mali huandikwa aina ya mashine, namba ya kiwanda, tarehe na jina la aliyepokea. Ongezeni safu tatu: toleo la Windows, njia ya leseni, na herufi tano za mwisho za ufunguo. Fundi akija na flashi yake, apewe ukurasa huo kabla ya kupewa mashine. Namba kamili ikae kwenye bahasha ofisini kwa mkuu wa shule, isibandikwe ukutani kwenye chumba cha kompyuta, ambako kila mwenye simu ataipiga picha.